Utando wa seli, ukiutazama kutoka meza ya damu

Mtu yeyote aliyepita sekondari anaukumbuka ule mchoro wa utando wa seli, ile ngozi nyembamba inayoizunguka kila seli. Safu mbili za vichwa vya duara, mikia miwili miwili ikielekeana katikati, vidude vikubwa vimechomekwa hapa na pale, mishale, majina pembeni. Unachora, unaweka majina, unapewa alama zako, mambo yanaishia hapo. Nimekaa kwenye maabara ya hospitali miaka mingi sasa na siwezi kusema mchoro ule ni wa uongo. Shida yake ni kwamba umetulia mno. Ukiutazama huwezi kujua kwa nini mtu akose usingizi kwa ajili ya kitu chenye unene wa nanomita saba au nane, ambacho hadubini tunayopimia malaria haina uwezo wa kukionyesha.

Ningepewa kipindi kimoja nifundishe utando wa seli, ningewaambia wanafunzi waweke pembeni kitunguu, kile tulichozoea kuonyeshea seli shuleni. Ningeanza na damu. Seli nyekundu, kabla haijatoka kwenye uboho wa mfupa, hukitoa nje kiini chake, na siku chache baadaye inakuwa imeshaondoa mitokondria, vile vinu vyake vya nishati, na vikorokoro vingine vyote vya ndani. Kinachobaki ni hemoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, iliyoshindiliwa kwenye mfuko mmoja tu. Seli ya ini ina tando chungu nzima: wa kiini, wa mitokondria, wa vifuko vidogo vidogo vya kila aina, na ukitaka kuutenga ule wa nje peke yake utahangaika kweli. Seli nyekundu ina huo mmoja. Halafu inapatikana kirahisi: mikrolita moja ya damu ina seli hizi milioni nne hadi tano na ushee. Ndiyo maana waliotaka kuuelewa utando walirudi kwenye damu mara kwa mara, na mengi yanayoandikwa vitabuni kuhusu tando za seli zote, za mwembe na za ubongo, yalianzia hapo.

Jaribio la kwanza halihitaji mashine. Chukua testi tyubu mbili. Moja itie maji yaliyosafishwa, yasiyo na kitu chochote ndani. Nyingine itie maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yaani gramu 9 za chumvi kwa lita. Dondosha tone la damu katika kila moja, geuza taratibu, kisha shika kipande cha gazeti nyuma ya tyubu. Ile ya chumvi imekuwa nyekundu nzito isiyopitisha macho, huoni hata kichwa cha habari. Ile ya maji matupu, katika muda wa kuvuta pumzi mara mbili tatu, inatakata ghafla. Bado ni nyekundu, lakini unasoma gazeti vizuri, mpaka yale maandishi madogo ya matangazo ya zabuni. Wanafunzi wa mafunzo ya vitendo wakiliona hilo mara ya kwanza hudhani nimebadilisha tyubu.

Kilichokuwa kinazuia mwanga ni seli zenyewe, na sasa hazipo tena. Ndani ya seli kuna chumvichumvi na protini nyingi. Nje kuna maji peke yake. Maji yameingia kwa kasi, seli imevimba kutoka umbo lake la kisahani hadi kuwa tufe, na utando ukafika mwisho wake. Utando huu unakunjika upendavyo, ila hautanuki: ukiuongezea eneo kwa asilimia tatu au nne tu, unachanika na hemoglobini inamwagika. Kwa sababu hiyohiyo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayemtundikia mgonjwa dripu ya maji matupu. Dripu ya chumvi ina asilimia 0.9 kwa sababu utando wa seli ndio uliopanga kiwango hicho, sisi tumekifuata tu.

Watu wengi huishia hapo, lakini ningeomba uendelee kidogo. Zungusha ile tyubu iliyotakata kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungushia sampuli, yenye kasi kubwa. Chini itakaa kitu cheupecheupe, laini: maganda matupu ya seli, tando zilizobaki baada ya kumwaga vilivyokuwa ndani. Ukiyarudisha maganda hayo kwenye maji ya chumvi na kuyapa joto la mwili, mengi yanajifunga tena. Hakuna anayeyashona. Molekuli ya fosfolipidi ina kichwa chenye fosfati kinachopenda maji na mikia miwili ya mafuta inayoyakimbia. Ukingo uliochanika unaacha mikia wazi mbele ya maji, hali ambayo haiwezi kudumu, kwa hiyo ukingo unatafuta ukingo mwenzake na shimo linazibika. Nguvu hiyohiyo ndiyo inayozipanga molekuli hizo safu mbili tangu mwanzo: vichwa nje, vichwa ndani, mikia imejificha katikati.

Hizo safu mbili zilijulikanaje, na hakuna aliyeziona? Mwaka 1925, katika mji wa Leiden, Uholanzi, daktari wa watoto aitwaye Evert Gorter na mwenzake François Grendel waliitumia faida hii ya seli yenye mfuko mmoja. Walichukua damu ya binadamu na ya wanyama kadhaa, wakiwemo mbwa, kondoo na mbuzi, wakayatoa mafuta ya seli kwa asetoni, kisha wakayatandaza juu ya maji kwenye trei. Mafuta ya aina hii yakipata nafasi hutanda mpaka unene unakuwa wa molekuli moja. Ukiyasukuma kwa kizuizi kutoka upande mmoja, unafika mahali yanaanza kukataa kubanwa, na hapo unapima eneo. Walilinganisha eneo hilo na jumla ya eneo la nje la seli zilizotoa mafuta yale. Jibu likatoka mbili kwa moja. Kwa hiyo kila seli imefunikwa na tabaka mbili.

Trei yenyewe ina historia ninayoipenda kuliko hata jibu. Mbinu hiyo ilianzishwa na Agnes Pockels, dada wa mji wa Braunschweig, Ujerumani, wakati ambao wanawake wa huko hawakupokelewa chuo kikuu. Aliyaangalia mafuta yanavyofanya juu ya maji jikoni nyumbani kwao, akatengeneza kifaa chake cha kupimia, akamwandikia barua Lord Rayleigh, mwanafizikia mkubwa wa Uingereza. Rayleigh, kwa uungwana wake, aliipeleka barua hiyo kwenye jarida la Nature, nayo ikachapishwa mwaka 1891.

Sasa uhondo wenyewe. Hesabu ya Gorter na Grendel ilikuwa na makosa mawili. Asetoni haikuyatoa mafuta yote, kwa hiyo eneo la kwenye trei lilikuwa dogo kuliko inavyotakiwa. Na eneo la seli walilipata kutoka kwa seli zilizokaushwa, ambazo zimesinyaa, kwa hiyo nalo likawa dogo. Kosa moja lilipunguza namba ya juu ya ule uwiano, la pili likapunguza ya chini, mbili ikabaki mbili. Wapo wanaosimulia kisa hiki kama bahati nasibu. Mimi naona ni kuwapunja. Swali lao lilikuwa zuri kiasi kwamba hata vipimo vibovu havikuliharibu, na nimeona kinyume chake mara nyingi: vipimo safi kabisa vya swali lisilo na maana. Waliorudia kazi hiyo miaka ya 1960 waligundua jambo jingine, kwamba mafuta peke yake hayatoshi kuifunika seli nzima. Sehemu ya eneo imeshikwa na protini. Kwa uzito, utando wa seli nyekundu ni protini kwa karibu nusu, mafuta kama asilimia 40, na kilichobaki ni sukari.

Protini hizo hazikai palepale. Mwaka 1970 watafiti L. D. Frye na Michael Edidin waliunganisha seli ya binadamu na ya panya zikawa seli moja, protini za kila upande zikiwa zimetiwa rangi yake. Kwenye joto la nyuzi 37, baada ya dakika kama 40 rangi zilikuwa zimechanganyika. Kwenye baridi kila rangi ilibaki kwake. Miaka miwili baadaye wanasayansi Singer na Nicolson wakaeleza utando kuwa kimiminika chenye protini zinazoelea ndani yake, na hilo ndilo tunalofundishwa mpaka leo. Fosfolipidi inabadilishana nafasi na jirani yake mamilioni ya mara kwa sekunde, lakini kuruka kutoka safu ya ndani kwenda ya nje bila kusaidiwa kunaweza kuichukua saa nyingi au hata siku. Na kolesteroli, ambayo vipindi vya afya redioni vimeigeuza kuwa adui wa taifa, ndiyo inayouweka utando huu sawa: joto likipanda haulegei kupita kiasi, likishuka haugandi.

Kazi ya utando naiona zaidi pale inaposhindikana. Ndani ya seli nyekundu potasiamu ni zaidi ya mara 20 ya ile iliyo nje kwenye plazma, yaani majimaji ya damu. Sodiamu ni kinyume chake. Tofauti hiyo haiji yenyewe. Kuna pampu kwenye utando, iliyoelezwa na Jens Skou wa Denmark mwaka 1957 kwa kutumia mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa, ambayo kwa kila molekuli moja ya ATP, nishati ya seli, hutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili. Skou alisubiri miaka 40 kupewa tuzo ya Nobel. Sisi wa maabara hatusubiri, pampu hiyo inatusumbua kila wiki. Mtu akivuta damu kwa sindano nyembamba, kwa haraka, akaitikisa chupa kwa nguvu, seli zinapasuka. Plazma inaletwa mezani ikiwa ya pinki, mashine inasoma potasiamu ya saba na kitu, wodini wanashtuka kwa sababu potasiamu ya kiwango hicho inaweza kusimamisha moyo. Kumbe mgonjwa amekaa kitandani anakunywa uji wake. Potasiamu ile ilitoka kwenye seli zilizopasuka ndani ya chupa.

Iliyo mbaya zaidi ni sampuli iliyolala friji usiku kucha bila kutenganishwa. Hakuna kilichopasuka na plazma yake ni safi, ya njano nzuri. Lakini pampu zimezubaa kwa baridi, na potasiamu imekuwa ikivuja kidogo kidogo mpaka asubuhi. Macho hayawezi kukamata hilo. Unachoweza ni kuuliza ililetwa saa ngapi na ilikaa wapi, na kuwa tayari kuonekana mkorofi.

Kwa muda mrefu kulikuwa na fumbo kuhusu maji. Mafuta na maji hayapatani, lakini maji hupita kwenye seli nyekundu kwa kasi isiyoelezeka kwa kupenya kwenye mafuta tu. Peter Agre, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore, hakuwa anatafuta jibu la fumbo hilo. Alikuwa anatafuta protini ya Rh, ile inayokufanya uitwe chanya au hasi kwenye kadi ya kliniki. Katika kuisafisha alikuta protini nyingine ndogo inamfuatafuata, nyingi mno kwenye seli nyekundu, na nyingi pia kwenye figo. Kujua kazi yake, yeye na wenzake walichukua mayai ya chura wa jenasi ya Xenopus, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye maji baridi bila kuvimba, wakayachoma maelekezo ya kutengeneza protini hiyo. Walipoyatumbukiza kwenye maji, yalivimba na kupasuka katika dakika chache. Mayai yasiyochomwa yalikaa tu. Hiyo ilikuwa mwaka 1992. Protini hiyo leo inaitwa akwaporini, na moja peke yake hupitisha molekuli za maji kama bilioni tatu kwa sekunde, zikipita kwa mstari, huku ikizuia hata ioni ya haidrojeni isipenye. Agre alipata Nobel mwaka 2003, halafu akaja kuongoza taasisi ya utafiti wa malaria ya chuo hicho, yenye kazi zake Zambia. Mtu aliyeanza na utando wa seli nyekundu kuishia kwenye malaria hakunishangazi hata kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza sukari, kwa kifupi. Unapopimwa kundi la damu kwenye kigae cheupe na matone yakaanza kugandamana vijipunje vijipunje, kinachoshikwa ni vijiti vya sukari vilivyosimama upande wa nje wa utando. Mwenye A ana sukari moja kwenye ncha, mwenye B ana nyingine inayofanana nayo sana, mwenye AB anazo zote, mwenye O hana yoyote kati ya hizo mbili. Karl Landsteiner alizitambua tofauti hizi Vienna mwaka 1901 na ndiye aliyefanya kuongezewa damu kuache kuwa kamari. Ncha hiyo moja inatosha kumuua mtu akipewa chupa isiyo yake. Inatosha pia kubadili malaria. Seli zenye vimelea hupenda kujikusanyia seli zisizo na vimelea kuzizunguka, na kwa mwenye O kushikamana huko ni kulegevu, ndiyo sehemu ya sababu O wanapata malaria kali kwa uchache zaidi.

Chini ya mafuta, upande wa ndani, kuna wavu wa protini iitwayo spektrini, umefungwa kwenye utando kwa vifundo. Huo ndio unaoipa seli umbo la kisahani na kuirudisha kwenye umbo hilo baada ya kubanwa. Na kubanwa kupo. Seli ina kipenyo cha mikromita saba na nusu hadi nane, na inapita kwenye kapilari nyembamba kuliko yenyewe. Kwenye bandama kuna nyufa ambazo upana wake haufiki mikromita moja, na kila seli lazima ipenye. Inawezekana kwa sababu ya ziada. Eneo la utando wake ni kama mikromita mraba 140, wakati tufe lenye ujazo uleule lingehitaji 100 hivi tu. Aliyewahi kupitisha gunia kwenye mlango wa stoo anajua: lililojaa nusu unalikunja, unalisukuma, linapita, lililoshindiliwa mpaka mdomoni linakwama. Seli nyekundu ni gunia lisilojaa. Inavyozeeka inapoteza vipande vya utando, ziada inapungua, inakakamaa, na baada ya siku 120 hivi bandama inaikamata. Haina kiini, haiwezi kutengeneza protini mpya ya kujikarabati, kwa hiyo siku zake zimehesabika tangu inapoingia kwenye damu.

Kwa selimundu hesabu hiyo inavurugika. Hemoglobini yenye hitilafu, ikipungukiwa oksijeni, inajipanga kuwa nyuzi ngumu zinazousukuma utando mpaka seli inakuwa na umbo la mundu. Hilo wengi wanalijua. Lisilosemwa sana kliniki ni kwamba utando wenyewe unachochea moto. Ukivutwavutwa namna hiyo unaanza kuvujisha kalsiamu kuingia ndani, kalsiamu inafungua njia ya potasiamu iliyoelezwa na György Gárdos wa Hungaria mwaka 1958, potasiamu inatoka, maji yanaifuata. Seli inakauka. Hemoglobini iliyobaki kwenye maji machache inakaribiana zaidi, na nyuzi zinajengeka haraka zaidi raundi inayofuata. Mama akiambiwa "mpe mtoto maji mengi, asikae na kiu" mara nyingi hudhani ni ushauri wa jumla tu, kama wa kula matunda. Una sababu yake, na sababu iko kwenye utando. Natamani wauguzi wangepewa dakika mbili za kuieleza.

Sasa malaria. Kimelea kinachoingia kwenye seli nyekundu kina urefu wa mikromita moja na ushee, na nje ya seli hakiishi muda mrefu. Kinaigusa seli, kinajigeuza mpaka ncha yake ielekee kwenye utando, kinajifunga hapo, kisha kinajisukuma ndani. Yote hayo huchukua kama dakika moja, mara nyingi pungufu. Hakitoboi. Kinausukuma utando ubonyee na kumzunguka mgeni, hivyo kinaingia kikiwa kimevikwa kipande cha utando wa mwenyeji. Ukiangalia video za tukio hilo, seli inatikisika na kukunjamana kama nguvu za kuisukuma ni kubwa, kisha inatulia. Kwenye slaidi yetu, iliyopakwa rangi ya Giemsa, tunaona kimelea kama pete tu, baada ya mambo kwisha.

Ili kuingia, kimelea kinahitaji protini za kushika. Plasmodium vivax, mojawapo ya aina za vimelea vya malaria, hushika ile iitwayo Duffy, na katikati ya miaka ya 1970 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba watu wasio na Duffy kwenye seli zao wanajikinga nayo vizuri. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana, ndiyo maana vivax ni tatizo la Ethiopia na Asia kuliko la kwetu, ingawa ukuta huo umeonekana kuwa na mianya. Falciparum, aina inayoleta malaria kali zaidi, ni mjanja zaidi. Ina njia kadhaa. Ukiziba moja inatumia nyingine, isipokuwa moja ambayo haiwezi kuikwepa, protini iitwayo basijini, iliyotambuliwa mwaka 2011.

Halafu kuna Kilifi. Kwenye pwani ile ya Kenya, kundi la damu adimu liitwalo Dantu linapatikana kwa takribani mtu mmoja kati ya kumi. Nje ya Afrika Mashariki ni nadra mno. Linatokana na jeni mbili jirani, za glikoforini A na B (protini za juu ya seli nyekundu), kukatika na kuungana na kutoa protini chotara kwenye utando. Aliyerithi nakala mbili za jeni hiyo chotara ana kinga ya asilimia 74 dhidi ya malaria kali ya kila aina, kiwango kinachokaribia kile cha mwenye nakala moja ya jeni ya selimundu. Jibu la haraka lilikuwa kwamba kimelea kimekosa mahali pa kushika, maana glikoforini ni mojawapo ya njia zake. Jibu hilo lina mantiki, na mimi ningeliamini.

Watafiti wa kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI-Wellcome, Kilifi, na wenzao wa Cambridge, Uingereza, hawakuridhika nalo. Walichukua damu ya watoto 42 wazima wa Kilifi, wengine wenye nakala mbili za Dantu, wengine moja, wengine hawana, wakarekodi video za vimelea vikijaribu kuingia. Vimelea viligusa, vikahangaika, vikashindwa mara nyingi zaidi kwenye seli za Dantu. Vilishindwa hata vile vinavyotumia njia zisizohusu glikoforini kabisa. Ndipo wakapima jambo ambalo maabara ya hospitali hailipimi: mkazo wa utando. Seli nyekundu hai haitulii. Ukingo wake unatetemeka wakati wote kwa joto tu la mwili. Ukirekodi mtetemo huo kwa kasi kubwa, unaweza kukokotoa utando umekazwa kiasi gani. Seli za Dantu zilikuwa zimekazwa zaidi. Na kulikuwa na kiwango ambacho mkazo ukikivuka, kimelea hakiingii. Kilichonikamata ni kwamba kiwango hicho kinawahusu watu wote. Hata kwa mtoto asiye na Dantu, katika tone moja la damu zipo seli legevu na zipo zilizokaza, na vimelea huingia kwenye zile legevu. Matokeo yalichapishwa kwenye Nature mwezi Septemba 2020, jarida lilelile la barua ya Pockels.

Tangu niyasome, slaidi siziangalii vilevile. Tunachopaka pale ni seli zilizokaushwa na kuuawa kwa methanoli. Mkazo wake hauwezi kujulikana tena. Ninaweza kukuambia asilimia ngapi zimeingiliwa. Kwa nini hii imeingiliwa na jirani yake anayegusana nayo hapana, slaidi haina la kusema, na kwa miaka yote nilikuwa nachukulia ni suala la nani alikuwa karibu.

Kuna wanaotazamia dawa itakayoukaza utando kidogo tu, mpaka juu ya kiwango kile, bila kumgusa kimelea mwenyewe, kwa hiyo bila kumpa nafasi ya kujenga usugu kwa njia tuliyoizoea. Wazo ni zuri na mimi nina wasiwasi nalo. Gunia likikazwa, zile nyufa za bandama zinabaki na upana uleule. Seli iliyokaza mno hupotea mapema, na katika nchi ambazo watoto wengi tayari wana upungufu wa damu, kupoteza seli si jambo dogo. Dawa hiyo italazimika kupita katikati ya viwango viwili, kimoja cha kimelea na kingine cha bandama, na nafasi iliyo kati yao ni nyembamba. Lakini nafasi ipo, maana walio na Dantu wameishi ndani yake vizazi na vizazi, na watoto wale waliotoa damu walikuwa wazima.